Chai Baridi ya Kaka Kitasa

Niseme mapema kwamba nina hasira, asije mtu kuniambia katikati nipunguze sauti.

Kaka yangu ni fundi wa vitasa, na mtaa mzima unamwita Kitasa. Jina alilopewa na baba yetu tunalikumbuka watatu tu: yeye, mimi na karani wa hospitali. Kibanda chake kiko ubavuni mwa duka la kudurufu karatasi, na ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia kwenye misumari safu kwa safu, na mezani kuna jiliwa la kubania kitasa, tupa za kila ukubwa na mashine ya kuchonga inayopiga kelele mpaka meno yanauma. Hapo amekaa miaka arobaini na moja akifungulia watu nyumba walizojifungia nje, makabati waliyoachiwa na marehemu, magari yenye mtoto analia ndani.

Sheria zake hakuziandika popote. Hafungui kitu mpaka mwenyewe awe amesimama pale. Kitasa kikiachia, anageuza uso upande, anasema, "Tangulia wewe," na hachungulii ndani hata kidogo. Siku moja alikuja bwana na sanduku la mkewe, anataka lifunguliwe upesi.

"Mwenyewe yuko wapi?" kaka akauliza.

"Si mke wangu! Mimi na yeye kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni hiyo kufuli. Mlete."

Bwana yule alitukana mpaka akakaukiwa. Kaka akamsogezea stuli, akamwambia kama anachoka kusimama amsubiri mkewe hapo hapo. Jamaa akaondoka na sanduku lake limefungwa vile vile, na watu wa kudurufu wakacheka wiki nzima.

Ndivyo alivyo. Mpole kama maji ya mtungi, na mkaidi hakuna mfano. Mkewe alifariki ghafla binti yao akiwa na miaka tisa. Asubuhi alikuwa anafua, jioni tulikuwa tunapanga viti vya msiba. Nilimwambia kaka anipe mtoto nimlee. Akasema, "Ng'o." Akajifunza kumsuka nywele, akimsuka mistari imepinda kama barabara ya milimani, na mtoto anakwenda shule hivyo hivyo, kichwa juu. Leo binti huyo ni mpima ardhi, yuko mji mwingine, anavaa mabuti na kofia ngumu na kuwaamrisha wanaume washike fito wima.

Halafu figo za kaka zikagoma. Alikuwa na shinikizo la damu miaka mingi, anapewa vidonge, anaviweka kwenye kopo la misumari. Miguu ilipoanza kuvimba akasema ni viatu. Uso ulipovimba akasema ni usingizi. Sikio la kufa halisikii dawa! Siku alipoanguka kibandani ndipo tukaambiwa kwamba figo zote mbili zimekwisha, na tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi analazwa hospitali kwa muda wa saa nne, damu inatoka kwa mrija, inasafishwa na mashine, inarudishwa.

Nikahamia kwake. Mimi nauza vitambaa kwa mita dukani, mwaka wa ishirini na sita sasa, na hajarudi mteja hata mmoja kuniambia kitambaa changu kilipungua inchi. Nalisema hilo kwa sababu nilipofika pale nyumbani nilijiambia, kazi ya kumpimia mgonjwa maji, wangempata nani kama si mimi?

Maana kazi yenyewe ni maji. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, anachokunywa hakina pa kutokea. Kinakaa miguuni, kinapanda mapafuni, kinausonga moyo. Kaka aliruhusiwa mililita mia saba na hamsini kwa siku, basi. Mia na hamsini za kumezea dawa, mia sita za chai, kwa sababu huyu mtu bila chai hawezi kuishi, na mimi nilisema sitamuua kwa njia hiyo.

Binti yake alipojua, hakumuuliza mtu. Alikwenda kupimwa, akapimwa tena, majibu yakarudi kwamba figo yake inamfaa baba yake kabisa. Nilipiga kigelegele mle mle dukani, nikamwangushia mteja jora la kitambaa mguuni. Kaka yeye alinyamaza. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Daktari wa figo, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyetia sharti. Alituweka chini watatu, binti akiwa amekuja.

"Figo ya mtu si kitu cha kuchezea," akasema. "Nikimwekea mgonjwa asiyeweza kushika maji, hatashika dawa, na figo ya mtoto itaharibika bure. Nipeni wiki nne. Nitampima uzito kila anapokuja. Kati ya siku moja ya mashine na nyingine asiongezeke zaidi ya kilo mbili na nusu. Wiki ya mwisho ikifika bado anazidi, sipeleki jina lake kwenye jopo la madaktari wanaopitisha wa kupandikizwa."

"Na jopo likipita?" nikauliza.

"Lingine ni baada ya miezi mitatu. Na moyo wake, mama, siwezi kukuahidi miezi."

Umesikia? Moyo wake hauahidiwi miezi. Nilitoka pale na maneno hayo, na huo ndio mzigo niliobeba wiki zote nne. Kwa hiyo mtu asiniambie nilikuwa mkali. Nilikuwa mkali, ndiyo.

Binti aliporudi kazini kwake alituma mzigo kwa basi. Baba yake alikuwa analalamika kwamba chai ya moto inamwongezea kiu, na vikombe vyake vinakwisha kabla hajaionja. Basi mtoto kanunua mashine ya umeme ya kutengenezea chai ya baridi, nyeupe, tangi la maji juu, kikapu cha majani katikati, jagi la plastiki ngumu chini. Nilikaa na karatasi ya maelekezo nikaisoma mara tatu kwa kidole. Maji unatia kwenye tangi mpaka mstari. Majani kwenye kikapu. Jagini unajaza barafu mpaka mstari wa barafu. Unabonyeza. Mashine inanguruma, inakohoa mvuke, halafu chai kali ya moto inadondoka juu ya barafu, barafu inalia tatata, na ndani ya dakika kumi una chai baridi nyekundu safi.

Mimi na vifaa vya umeme hatupatani, lakini hiki, kusema haki, kilifanya kazi yake. Nikamkatia kipande chembamba cha limau, nikamtilia kwenye bilauri. Alipiga funda moja, akafumba macho.

"Dada," akasema, "hii inafika mpaka kwenye vidole vya miguu."

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikajisikia mjinga.

Muuguzi wa kitengo kile, kijana mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa ametufundisha kwamba kiu ikimzidi mgonjwa anyonye kipande cha barafu. Hilo nalo nililishika vizuri. Kwa hiyo trei zangu za barafu zilikuwa nne, zinazunguka kwenye friza mchana kutwa. Asubuhi napima mililita mia sita kwa kikombe cha kupimia, natia kwenye tangi. Mchana narudi kumpa chakula, na barafu ya jagini ikiwa imepungua naongeza nyingine ili chai isipoteze ubaridi. Kwenye mlango wa friji nilibandika karatasi yenye mistari: tarehe, dawa 150, chai 600, jumla 750, na sahihi yangu chini. Afisa wa kodi hajawahi kuandika vizuri hivyo.

Siku ya kwanza ya mizani: kilo tatu na nusu.

Ya pili: kilo tatu na robo. Ya tatu: kilo nne kasoro kidogo! Muuguzi aliangalia karatasi yangu, akaangalia mizani, akaniangalia mimi.

"Mama, hizi hesabu na huyu mtu haviendani."

"Hesabu ni zangu," nikamwambia. "Huyu mtu ndiye muulize."

Kaka alikuwa amekaa kitandani anavua kiatu. Akasema tu, "Nakunywa ninachopewa na dada yangu."

Nikarudi nyumbani nimefura. Nilijua kuna mahali anapata maji. Mtu anaweza kunidanganya mimi, lakini mizani inamdanganya nani? Kwanza nikaenda kwa mama wa duka la kudurufu, maana siku zisizo za mashine kaka bado alifungua kibanda saa chache za asubuhi, nikamweka mpelelezi. Akakaa siku tatu anamchungulia kwa tundu la ukuta, akaniapia kwamba Kitasa tangu anafungua kibanda mpaka anafunga hajagusa hata tone. Basi ni hapa hapa nyumbani! Nikaondoa ndoo bafuni, akawa anaoga maji ninayompelekea mwenyewe kwenye beseni, na mimi nasimama nje ya mlango namhesabia dakika. Nikatia kufuli jikoni.

Kufuli jikoni! Nilipoibana tu nikasikia aibu ya ujinga wangu. Unamfungia kwa kufuli mtu ambaye kufuli zinamwamkia? Nikatoa uzi mwekundu mkobani, nikaupitisha kwenye tundu la kufuli na kuufunga fundo la kwetu la dukani, fundo ambalo asiyelijua hawezi kulirudisha. Nikaenda kazini. Niliporudi uzi uko vile vile na fundo liko vile vile. Alhamisi mizani ikasema kilo tatu na robo tatu.

Hapo nikalipuka. Tulikuwa sebuleni, saa tisa za mchana, madirisha wazi, majirani wote masikio nje.

"Kitasa! Mimi nimeacha nyumba yangu kwa ajili yako. Mtoto wako kajitolea mwili wake. Na wewe unaiba maji kama panya!"

"Siibi."

"Basi yanakuingia kwa njia gani? Kwa umande?"

"Dada, siibi."

"Uzi umeukuta, fundo umelisoma, umelirudisha. Mikono hiyo si ya fundi? Mwizi wa maji ndani ya nyumba!"

Akasimama taratibu, ameshika mkono wa kochi. Miguu yake ilikuwa imejaa hata soksi zimemkata.

"Miaka arobaini na moja," akasema, "sijafungua mlango ambao sikuitiwa."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Basi umeanzia kwangu."

Akaingia chumbani kwake, akarudishia mlango polepole, bila hata kuubamiza. Angeubamiza ningepumua. Usiku huo na siku zilizofuata alikula, akanywa chai yake, akasema asante, na hakuniita dada.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ilikuwa kilo nne kamili. Daktari alikuja mwenyewe pale kitandani, akasoma mizani, akavua miwani yake.

"Alhamisi ni ya mwisho," akaniambia pembeni. "Sitakuficha, mama. Barua ya kumwondoa nimeshaianza."

Nilimsubiri kaka mpaka mrija ulipotolewa mkononi, tukarudi nyumbani bila kuzungumza. Asubuhi ile nilikuwa nimewasha mashine kabla hatujatoka, ili akirudi akute chai yake, na kwa haraka nikaliacha jagi juu ya meza badala ya kulitia kwenye friji. Naingia jikoni, nafungua kufuli yangu ya kipuuzi, nakuta jagi limejaa mpaka shingoni. Limau linaelea juu kabisa, linakaribia kumwagika.

"Nani kaongeza maji humu?" nikapiga kelele peke yangu. "Yaani sasa unajazia jagi kabisa ili nisijue umeiba kiasi gani..."

Nikakoma. Tangu asubuhi kaka alikuwa mbele ya macho yangu, amefungwa na mirija.

Nikachukua kikombe cha kupimia. Nikamimina cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilitia mia sita, na sasa nilikuwa na lita moja na mililita mia mbili. Nikaangalia ndani ya jagi kutafuta barafu. Barafu haikuwepo. Jamani, ilikuwa imeyeyuka, kama inavyofanya barafu tangu dunia iumbwe! Na mimi nilikuwa nampa jagi zima kila siku, na mchana namwongezea nyingine, na kiu ikimzidi anyonye vipande, na kwenye karatasi naandika mia sita na kuweka sahihi. Kichwani mwangu barafu ilikuwa ubaridi. Haikuwa maji. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na kikombe cha kupimia mkononi.

Nililia kwa hasira. Nilijitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mtu nimemjaza maji kwa mkono wangu, halafu nikamwita mwizi mbele ya majirani.

Nikaenda chumbani kwake bila hata kubisha. Alikuwa amelala chali, bandeji mkononi.

"Kaka, nisamehe. Si wewe. Ni mimi. Ni barafu! Barafu inageuka maji, nami sikuihesabu. Nisamehe, kaka yangu, Alhamisi tutamwambia daktari, ataelewa, tutaanza upya..."

Nilitegemea ashtuke. Nilitegemea hata anifukuze, ni haki yake. Akaangalia dari.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba barafu ni maji. Dada, mtoto wa chekechea anajua."

Nilisimama pale na kikombe changu mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu jagi la kwanza."

Ala! Nasema damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. "Tangu jagi la kwanza! Unaniangalia napima! Unaniangalia naweka sahihi! Nakuita mwizi, majirani wanasikia, na wewe unanyamaza na unajua?"

"Wewe hasira yako haikai," akasema. "Nilijua itaisha."

"Na moyo wako ungekaa?"

Hapo akajiinua, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alizungumza bila kuniangalia.

"Mimi nimefungua milango ya watu maisha yangu yote, na sijatoka na hata kijiko cha mtu. Leo wamlaze mwanangu, wampasue ubavuni, watoe kitu chake wanipe mimi? Mwenye miaka sitini na tatu? Yeye hata hajazaa. Nikimwambia sitaki, atalia, atasema simpendi, ataomba, na mimi akiniomba siwezi kukataa, sijawahi kuweza. Nikaona daktari akikataa mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Mashine yake ikafika, na wewe ukaja na barafu yako."

"Kwa hiyo ukanifanya mimi kisu chako."

"Sikukufikiria wewe," akasema, na alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kuna watu wangemkumbatia. Mimi nilikwenda sebuleni nikachukua simu, nikampigia binti yake, nikamweleza yote kwa pumzi moja, ujinga wangu na uongo wa baba yake, bila kupamba. Upande wa pili nilisikia upepo na mtu anauliza fito ziwekwe wapi. Halafu akasema, "Shangazi, nakuja," akakata.

Aliingia Jumatano saa nne asubuhi, mabuti yana matope makavu, kofia ngumu imening'inia kwenye begi. Hakunisalimia sawasawa. Akaenda moja kwa moja kibandani kwa baba yake nami nyuma yake, kwa sababu huyo Kitasa, pamoja na yote, alikuwa ameamka na kwenda kuchonga funguo. Akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Mama wa kudurufu akazima na ya kwake ili asikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja bila kusema?"

"Na wewe ulikuwa unakwenda bila kusema."

Kaka akashika tupa, akaiweka. "Sikutaka wakuumize."

"Uliniuliza?"

"Wewe ni mtoto..."

"Nina miaka thelathini na moja! Nimekwenda kupimwa mara nne kwa miguu yangu. Nimeambiwa watakata wapi, nitalala siku ngapi, nini kinaweza kuharibika. Nimesoma, nimeogopa, nimelia, nikarudi nikasema ndiyo. Na wewe umekaa hapa unakunywa chai, unasubiri jina lako lifutwe."

Amechukua hasira zangu, mtoto yule, na siku hiyo niliona fahari. Lakini sauti yake ikabadilika, ikashuka.

"Mama alipokufa," akasema, "hakuna mtu aliyeniuliza kama nina kitu cha kumpa. Nilikuwa na miaka tisa, ningempa chochote. Sasa kwako wewe nimeulizwa, na ninacho. Usininyang'anye, baba."

Sijawahi kumwona kaka yangu akipigwa. Baba yetu hakuwahi kumpiga, wala wakorofi wa shule hawakuwahi. Siku hiyo nilimwona. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na funguo ukutani zikawa zinagongana kwa jinsi meza ilivyokuwa inatikisika.

Alhamisi tulikwenda watatu. Tangu Jumatatu jioni nilikuwa nahesabu kila kitu, mpaka maji ya kumezea vidonge, na mizani ilisema kilo moja na nusu. Muuguzi mrefu akasoma mara mbili. Daktari alipofika nilimweka wazi kosa langu, nikamwonyesha na karatasi yenye sahihi zangu. Kabla sijamaliza, kaka akaingilia.

"Si yeye, daktari. Mimi nilijua."

Daktari alitugombeza. Alitugombeza wote watatu kama watoto waliovunja kioo, mimi kwa kujifanya najua, kaka kwa kujifanya hajui, na binti kwa kuleta mashine bila kuuliza mtu wa lishe, na nilikubali kila neno. Akasema mara moja haitoshi. Jopo la mwezi huu limempita. Tutapimwa upya wiki nne, kisha nane, na jina litakwenda kwenye jopo la miezi mitatu ijayo, kama moyo utakubali. Kwa sababu ya chai, na kwa sababu ya watu wawili wa tumbo moja wanaojiona wana akili, miezi mitatu ilikuwa imetupwa, na hakuna kati yetu aliyejua kama kaka anayo. Hiyo hasira ninayo mpaka leo, na sijui niiweke wapi.

Kisha daktari akamgeukia kaka. Muuguzi alikuwa ameshaunganisha mirija, na mashine zote za wodi zilikuwa zinanguruma.

"Mzee, hawa nimewasikia. Sasa nataka kukusikia wewe. Unaitaka figo hii au huitaki? Ukisema huitaki, nafunga faili leo na hakuna atakayekugombeza tena."

Binti alikuwa amesimama ubavuni mwa kitanda, kofia yake kwapani. Hakumwomba baba yake. Alimwangalia tu.

Kaka akasema kitu, kwa sauti ya chini mno.

"Sijasikia," akasema daktari.

"Naogopa," kaka akasema. "Naogopa kwa ajili yake."

"Hilo nimelijua. Swali langu halikuwa hilo."

Nilikuwa karibu kumjibia, ulimi ulikuwa umeshafika mdomoni, nikauuma.

"Nataka," akasema.

"Sijasikia, mzee. Mashine zina kelele."

"Nataka kuishi!" kaka yangu akapaza sauti, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti maishani, mpaka wagonjwa wa vitanda vyote wakageuza shingo zao, na machozi yakawa yanamshuka yakiingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali na mikono yake yote miwili imeshikwa, mmoja na mirija, mwingine na mtoto wake.